KADI YA BANGI YA MATIBABU: MWULIZE MWANAO MASWALI MANNE

Mama akisikia kwamba mwanawe mgonjwa aliyeko Marekani anataka kuchukua kadi ya bangi ya matibabu, moyo hushtuka. Sisi tunaohudumia wagonjwa twashauri usianze na lawama. Anza na maswali.

Kwanza, anaishi jimbo gani? Kila jimbo lina sheria yake. California ilitangulia kuruhusu bangi ya matibabu mwaka 1996, kwa kura ya wananchi, na majimbo mengi yakafuata. Kwa kawaida daktari humpima mgonjwa na kuthibitisha kwa maandishi kwamba ana ugonjwa ulio katika orodha ya jimbo. Kisha mgonjwa hujiandikisha, hulipa ada, na hupewa kadi yenye muda maalumu. Akivuka mpaka, jimbo la pili laweza kuikataa kadi hiyo.

Pili, je, ni raia? Hapa ndipo penye hatari kubwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inadhibiti bangi nchi nzima, na mambo ya uhamiaji yako mikononi mwa serikali ya shirikisho, si ya jimbo. Mwaka 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba kutumia bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, kwaweza kumkosesha mwombaji uraia, kwa kuhesabiwa kuwa hana mwenendo mwema. Kadi inayomlinda mbele ya polisi wa jimbo haimlindi mbele ya ofisa wa uhamiaji. Asiye raia aonane na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote.

Tatu, amemweleza daktari dawa zote anazotumia? Bangi huweza kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mgonjwa akatokwa damu. Mjamzito na anayenyonyesha wajiepushe nayo. Tena aulize kama iko dawa ya kawaida ya kumfaa. Dronabinoli iliidhinishwa huko mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani, na Epidiolex mwaka 2018 kwa aina fulani za kifafa kikali. Hizi huandikwa na daktari na kununuliwa duka la dawa, bila kadi.

Nne, akija kututembelea, atabeba nini? Asibebe bangi kwa sura yoyote, iwe mafuta, iwe peremende. Tanzania ina sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, na Kenya ya mwaka 1994. Kadi ya Marekani haifuti kosa uwanja wa ndege.

Mwenye maumivu si mpotovu kwa sababu ametafuta nafuu. Tumsikilize, tumwombee, na tumwambie ukweli mapema, kabla hajatia sahihi.