Gari Lililokwisha Tumika: Tulipime Kabla ya Kulilipa

MASHAURI YA NYUMBANI



Katika parokia za Masisi na Walikale shauri la gari si la matajiri peke yao. Huulizwa na mkulima ambaye viazi vyake vinaoza kando ya njia, na mfugaji ambaye jibini yake haifiki Goma kwa wakati, na kikundi cha akina mama waliojiwekea akiba miaka mingi, na jamaa waliokwisha kumbeba mama mwenye uchungu wa uzazi juu ya kipoyi usiku wa mvua. Hao wote hawana fedha za gari jipya. Wanatafuta lililokwisha tumika, lenye nguvu, lisilonywa mafuta mengi. Basi juma hili tutazame jambo hilo kwa utaratibu, maana fedha za namna hiyo hupatikana mara moja katika maisha, na zikipotea hazirudi.

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara: huketi kwanza, akahesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Anunuaye gari naye aketi kwanza. Tena asiketi peke yake. Aketi na mke wake, na watoto wakubwa wanaojua kuandika. Gari likinunuliwa kwa siri, madeni yake hulipwa na nyumba nzima.

Njia zetu zilivyo

Gari zuri la Kampala au la Kigali laweza kuwa gari baya la Masisi. Kutoka Goma hadi Masisi ni yapata kilomita 80 tu, lakini baada ya Sake njia yapanda mlima kuelekea Mushaki, nako vilima vyapita mita 2,000 juu ya bahari. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza yapata sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo injini ndogo inayokwenda vema mjini huweza kulemewa mlimani ikiwa imebeba magunia, na dereva akiikanyaga kwa nguvu hunywa mafuta kuliko injini kubwa kidogo inayopanda kwa utulivu.

Walikale ni jambo jingine. Hiyo ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, nayo ni nchi ya msitu, ambamo mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Barabara ya kutoka Bukavu hupita Hombo, hufika Walikale, kisha huendelea Lubutu hadi Kisangani. Ubaya wa njia za huko waonekana katika jambo hili: miaka ya 2000, kasiteriti ya Bisie ilipotafutwa sana, ndege zilitua juu ya kipande cha lami cha barabara huko Kilambo, maana kuruka ilikuwa rahisi kuliko kupita matopeni. Gari lililo chini karibu na ardhi, hata likiwa zuri namna gani, halina kazi huko. Linatakiwa lenye kimo, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na ambalo vipuri vyake hupatikana.

Hesabu ya mafuta

Sasa wanafunzi washike kalamu. Katika njia nzuri pikipiki ya kawaida hutosheka na lita 2 au 3 kwa kilomita 100. Gari dogo la petroli hunywa lita 7 au 8. Gari kama RAV4 yenye injini ya lita 2 hunywa 9 hadi 11, na Land Cruiser kubwa ya dizeli, ile tuiitayo mazutu, hupita 12. Katika matope na milima hesabu hiyo huongezeka sana, hata kukaribia mara mbili.

Tuseme jamaa mbili hutoka Masisi kwenda Goma na kurudi mara moja kila juma, yaani kilomita 160. Ya kwanza ina gari linywalo lita 8 kwa kilomita 100. Safari moja ni lita 12.8. Ya pili ina gari la lita 14. Safari moja ni lita 22.4. Tofauti ni lita 9.6. Kwa majuma 50 ni lita 480, yaani bidoni 24 za lita 20. Kila mmoja azidishe kwa bei ya mafuta ya kwao, ndipo ataona ada ya shule ya watoto wangapi inatoka katika bomba la moshi.

Lakini tusikomee hapo, maana hesabu iliyokatwa katikati hudanganya. Gari kubwa laweza kubeba kilo 1,000, na dogo kilo 300. Basi kubwa likijaa hutumia lita 2.24 kwa kila kilo 100 za mzigo, na dogo likijaa hutumia karibu lita 4.3. Kubwa limeshinda! Ila likibeba nusu ya mzigo wake, yaani kilo 500, hutumia karibu lita 4.5 kwa kila kilo 100, na ushindi wake umekwisha. Pikipiki ya lita 3 yenye mzigo wa kilo 100 hutumia lita 4.8 kwa safari hiyohiyo. Ni rahisi kwa mtu mmoja, kwa katekista au muuguzi, lakini si rahisi kwa magunia.

Fundisho ni hili: lisifu gari kwa kazi utakayolipa kila juma, si kwa lita zake peke yake. Mwenye mzigo mdogo asinunue gari kubwa kwa ajili ya heshima. Mwenye mzigo mkubwa mara mbili kwa mwaka afadhali akodi siku hizo mbili. Na wakulima kumi walio na mzigo wa kujaza gari kila juma wanaweza kununua moja kwa pamoja, ikiwa wana daftari na mapatano yaliyoandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tena tusiudharau mchukudu wetu. Mji wa Goma uliusimamishia sanamu mwaka 2009, na kwa haki, kwa sababu umelisha nyumba nyingi pasipo kunywa hata tone moja la mafuta.

Kulipima gari

Muuzaji akikuita uje kuliona gari, mwombe asiliwashe kabla hujafika. Injini iliyokwisha pata moto huficha magonjwa yake. Weka mkono juu yake: iwe baridi. Kisha liwashwe, nawe simama nyuma utazame moshi. Moshi mweusi maana yake mafuta yanaingia mengi kuliko yanavyoungua. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua, na injini imechakaa ndani. Moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto huonyesha maji yanayoingia pasipo mahali pake. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili ina rangi ya maziwa, maji yamechanganyika nayo, nawe nenda zako.

Baadaye lala chini, hata ukichafua nguo. Tazama fremu kama ina kutu iliyokula chuma, au alama za kuchomelewa upya. Tazama matairi: yakiwa yamelika upande mmoja, kuna kitu kimepinda. Geuza usukani uone kama unacheza pasipo magurudumu kufuata. Usiamini sana kilomita zilizoandikwa mbele ya dereva, kwa kuwa namba hizo hurudishwa nyuma. Amini zaidi kanyagio la breki lililokwisha mpira wake, na kiti kilichobonyea. Gari lenye kilomita chache halina kanyagio lililolika.

Halafu lipande mlima likiwa na watu ndani, na literemke. Mteremko wa kuingia Sake si mahali pa kujifunza kwamba breki hazishiki. Breki zikitumika mno hupata moto na kulegea. Kwa sababu hiyo dereva mwenye akili huteremka kwa gia ya chini, ili injini yenyewe izuie gari. Gari linaloruka gia likiteremka lisinunuliwe kwa bei yoyote.

Katika yote hayo nenda na fundi wako mwenyewe, si fundi wa muuzaji, nawe umlipe ujira wake hata akikukataza kununua. Ujira huo ni mdogo kuliko injini. Mwulize pia habari za vipuri. Hilux, ambayo Toyota walianza kuitengeneza mwaka 1968, na Land Cruiser za namba 70, zilizoanza mwaka 1984, hupendwa katika njia zetu kwa sababu mafundi wanazijua. Gari geni hukaa miezi likingoja kipuri kimoja. Na zile injini mpya za petroli ambazo hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda hutaka mafuta safi. Mafuta ya vibidoni vya kando ya njia, yaliyochanganywa na maji au mafuta ya taa, huziua upesi.

Usukani na karatasi

Magari mengi yafikayo kwetu hutoka Japani, mengine kwa kupitia Dubai au Mombasa, nayo yana usukani upande wa kuume. Huko kwao, kama vile Uganda, Kenya na Tanzania, watu huendesha upande wa kushoto. Sisi Kongo, pamoja na jirani zetu wa Rwanda na Burundi, huendesha upande wa kuume. Dereva aliyeketi kuume anauona vizuri mtaro ulio karibu naye, lakini akitaka kupita lori lililo mbele hawezi kuona linalomjia mpaka gari lake limekwisha kutokeza. Basi asipite asipoona, na abiria washuke upande wa ukingo wa njia.

Namba iliyopigwa katika fremu lazima ifanane na ile ya karatasi, herufi kwa herufi. Jina la muuzaji lifanane na jina lililo katika karatasi ya waridi ya gari. Na usisahau bima ya madhara kwa wengine: sheria ya nchi yetu imeidai tangu mwaka 1973.

Bei inayolia

Hapa tunafika mahali pa kutazama dhamiri. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Masisi na Goma, na mwezi wa Machi vikafika Walikale. Kila mahali vita vipitapo, magari na pikipiki huporwa, kisha huonekana sokoni kwa bei ndogo ya ajabu. Mkristo aulize: bei hii imekuwa ndogo kwa sababu gani? Muuzaji akikosa karatasi, akiwa na haraka, akitaka kulipwa usiku bila shahidi, jibu limekwisha patikana. Anunuaye mali anayojua au kudhani kuwa imeibwa ashiriki wizi huo, hata akitoa fedha zake za halali. Na siku mwenyewe atakapoitambua pikipiki yake mbele ya kanisa, utamwambia nini?

Muuzaji naye ana wajibu wake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakujua magari, lakini alijua farasi. Alifundisha kwamba auzaye farasi kiguru kana kwamba ni mwepesi wa mbio, au nyumba inayotaka kuanguka kana kwamba ni imara, afanya dhambi, kwa kuwa kasoro iliyofichika huleta hasara au hatari. Kasoro iliyo wazi kwa macho, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima kuitangaza, ikiwa bei imepunguzwa kwa haki. Gari lenye mlango uliobonyea ni farasi wa jicho moja. Gari lenye breki mbovu ni nyumba inayoanguka, na ndani yake wameketi watu. Auzaye hivyo na kunyamaza hakuuza chuma tu; ameuza maisha ya abiria asiowajua.

Baada ya kununua

Usitoe fedha zote katika bei. Kati ya sehemu kumi za akiba yako, saba zitoshe kununua, tatu zibaki kwa karatasi, matairi, oili na kichungio cha hewa. Asiyeweza kufanya hivyo bado hajaweza kununua gari, nasi twamshauri angoje au achukue pikipiki. Badili oili kila kilomita 5,000, na mapema zaidi wakati wa vumbi na matope. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena tunasema kwa mkazo: usiuze shamba ili ununue gari. Gari huzeeka kila siku. Shamba hulisha wajukuu. Ng'ombe mmoja au wawili waweza kuuzwa, kwa maana ng'ombe huzaa. Lakini kilima kilichouzwa hakizai kilima kingine.

Zoezi kwa wanafunzi: jamaa moja ya Walikale husafiri kilomita 60 kwenda sokoni na kurudi, mara mbili kwa juma. Gari lao hunywa lita 12 kwa kilomita 100, na hubeba kilo 400 za mafuta ya mawese katika kila safari. Tafuteni lita wanazotumia kwa majuma 50, na lita kwa kila kilo 100 za mzigo. Kisha waonyesheni wazazi hesabu hiyo mezani, kabla baba hajalipa fedha.