Mpanda ukuta naye ana kesi

Kojani nyumba zimesogeleana kiasi kwamba mtu akikohoa usiku, jirani anajua ni nani aliyekohoa. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kimetengwa na Pemba kwa mkono mwembamba wa bahari upande wa mashariki wa Wilaya ya Wete, na ndani yake wamebanana maelfu ya watu, wengi wao wavuvi. Mahali kama hapo siri ya nyumba hutunzwa na adabu ya jirani. Anasikia akawa hakusikia; anaona akageuza uso. Jina la adabu hiyo ni sitara, na mtoto hufunzwa adabu hiyo chuoni pamoja na alifu na be.

Mkojani lakini hakai Kojani mwaka mzima. Huenda dago. Hupakia nyavu na sufuria, akapiga kambi Unguja, Tanga au pwani ya Kenya, akarudi kwao Ramadhani inapokaribia. Anaporudi huja na fedha, huja na samaki wakavu, na huja na habari za bandari alizopita. Habari za mashoga nazo husafiri kwa njia hiyo hiyo, na kila zikivuka maji huongezeka chumvi.

Pwani ya Kenya ndiko kwenye kesi tunayotaka ikumbukwe. Februari 2010, katika mji wa Mtwapa kaskazini mwa Mombasa, ulizuka uvumi kwamba wanaume wawili wangeoana. Maimamu na askofu mmoja wakakaa meza moja, wakalaani, wakataka kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya kilichokuwa kikihudumia mashoga kifungwe. Haukupita muda umati ukakizingira kituo. Watu walisakwa, wakapigwa, na polisi wakawachukua walioshambuliwa na kuwaacha walioshambulia. Harusi iliyowatoa watu majumbani haikuwapo.

Gazeti hili haliwaombi masheikh wabadilishe hukumu ya liwati. Madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wetu, na Ibadhi yaliyokuwa ya masultani, yote yameiharamisha, na mwenye hoja ya kifiqhi aipeleke kwa wenye elimu. Tunachokidai ni ile nusu ya pili ya mafundisho hayo hayo, ambayo mimbari zetu zimeifanya kama haikuteremshwa. Fiqhi ya Kishafii inataka katika jambo hili mashahidi wanne walioliona kwa macho yao. Suratun-Nur imemwekea adhabu ya viboko 80 mwenye kuwasingizia watu wenye heshima zao uzinifu asilete mashahidi hao. Suratul-Hujurat imekataza kupelelezana na kusengenyana. Mwanachuoni aliyehifadhi hukumu ya mtenda akaisahau hukumu ya mzushi ameisoma dini kwa jicho moja.

Kuna kisa ambacho kila aliyekaa darsa msikitini amekisikia. Sayyidna Umar, khalifa, alikuwa akizunguka Madina usiku. Akasikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu na pombe yake. Akamkaripia. Yule mtu akamjibu kwamba yeye amekosa moja lakini khalifa amekosa matatu: amepeleleza, ameingia kwa kupanda ukuta badala ya kupita mlangoni, na hakupiga hodi wala hakutoa salamu. Umar, ambaye watu wakubwa walimwogopa, aliyakubali makosa yake akaondoka. Pombe haikuhalalishwa usiku ule. Kilichozuiwa ni mkono wa dola kuingia chumbani mwa mtu kwa kudhania.

Upande wetu wa bahari tumewapa wapanda ukuta vyeo. Septemba 2017 polisi wa Unguja waliwakamata watu 20 hotelini, wanawake 12 na wanaume 8, waliokuwa katika mafunzo ya kujikinga na UKIMWI. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wamletee majina. Serikali ya Muungano ilijitenga na kauli hiyo, ikasema ni yake binafsi. Kabla maneno ya Makonda hayajapoa, tarehe 3 Novemba, wanaume 10 wakakamatwa Pongwe, Unguja, kwa kuwa kuna mtu aliyepeleka habari kwamba wanaoana. Ushahidi uliotajwa ni kwamba walikutwa wamekaa wawili wawili. Wawili wawili! Wavuvi wa Kojani hulala dagoni kwa miezi chini ya kibanda kimoja cha makuti, wakala sinia moja na kujifunika tanga moja mvua inaponyesha. Kwa kipimo cha Pongwe, kambi nzima ingepelekwa kituoni.

Wengi wanaamini kwamba kumfunga mtu kwa jambo hili ni kuisimamisha sharia. Wanakosea. Mahakama za Kadhi Zanzibar husikiliza ndoa, talaka, malezi na mirathi, jinai haziigusi. Maneno "kinyume cha maumbile" yaliyomo katika sheria zetu hayakutoka katika Minhaj wala kitabu chochote cha fiqhi. Yaliletwa na Waingereza, waliokwisha kuyaandika katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 na kuyasambaza kote walikotawala. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi likayaongezea makali, likawaingiza na wanawake, na Rais Amani Abeid Karume akatia saini. Tangu hapo hatujaona mtoto aliyelindwa na kifungu cha kumfunga mtu mzima kwa la chumbani mwake na mtu mzima mwenzake. Tumeona waliopekuliwa, waliotozwa fedha na watu wanaotishia kuwatangaza, na waliohama kwao bila kuaga.

Wakristo wenzetu nao wana nusu yao waliyoiacha. Mwaka 1998 maaskofu wa Kianglikana waliokutana katika Mkutano wa Lambeth, Uingereza, walikataa vitendo vya watu wa jinsia moja, na katika azimio hilo hilo wakalaani hofu isiyo na msingi dhidi ya watu hao, wakataka wahudumiwe kichungaji. Kwetu azimio hilo hutajwa kila mara, ila huishia katikati.

Hospitali ni mahali ambapo kuiacha nusu hiyo huua. Maambukizi ya VVU Zanzibar kwa watu wote hayafiki asilimia 1. Miongoni mwa wanaume wanaolala na wanaume uchunguzi umekuta ni mara nyingi ya hapo. Baadhi yao wana wake, na wake hao hawana habari. Mwanamume anayejua kwamba akimwambia daktari ukweli jina lake litavuka bahari kabla yake hatakwenda kupima. Atakaa na maradhi yake, na atayafikisha kwa mkewe na kwa mtoto atakayezaliwa. Muuguzi anayemfukuza au kumcheka mgonjwa wa namna hiyo hakuilinda nyumba ya Kiislamu. Ameifungulia mlango maradhi.

Na kuna jambo linalotuuma kuliko yote. Kesi za udhalilishaji wa watoto zinaripotiwa Unguja na Pemba kila mwezi, na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali inazitoa hadharani. Humo wamo watoto wa kiume waliolawitiwa na wa kike waliobakwa, na mara nyingi mtuhumiwa ni jirani, ami, au mtu aliyeaminiwa kumfundisha mtoto. Tunajua zinavyokufa kesi hizo. Wazee wa pande mbili wanakaa barazani, kahawa inapita, mmoja anasema yule ni mtoto wa fulani, mwingine anasema tutaonana na nani msibani, kisha shahidi hatokei mahakamani. Hiyo ndiyo muhali. Kijiji kile kile kinachoona muhali kumpeleka mbakaji kortini hakioni muhali kumpigia kelele za "shoga" kijana aliyetembea kwa namna isiyowapendeza. Sitara, iliyowekwa kumfunika aliyekosa kwa nafsi yake na Mola wake, tumempa anayeharibu watoto. Tunasema wazi: mtoto haridhii, kwa hiyo hapo hapana sitara, na anayemsitiri mbakaji ni mshirika wake. Kuchanganya mambo haya mawili chini ya jina moja la ushoga ndiko kunakomwezesha mhalifu kujificha ndani ya kelele.

Hukumu yetu basi ni hii. Khatibu ana haki ya kusema haramu ni haramu. Hana haki ya kumtaja mtu kwa jina, kuwaonyesha watu nyumba yake, kumnyima maziko wala kudai kituo cha afya kifungwe. Sheha anayeandika majina kwa uvumi anatumia vibaya usheha wake na avuliwe. Polisi anayemkamata mtu kwa namna alivyokaa aeleze mbele ya hakimu ameona nini. Wazazi wanaomaliza kesi ya mtoto barazani washitakiwe kwa kuficha kosa.

Tunawaomba maimamu wa Kojani, na wenzao wa Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani, Ijumaa ijayo waifasiri aya ya nne ya Suratun-Nur yote, pamoja na adhabu ya yule asiyeleta mashahidi.