Rafu chini ya ngazi
Kila nyumba ina kona yake iliyoshindikana. Kwangu ni pale chini ya ngazi: upande mmoja mtu anasimama wima, upande wa pili hata paka anainama. Kwa miaka tulipafanya pa kutupia ndoo, viatu na maboksi ya vitabu, mpaka mchwa wakaanza kuvisoma kabla yetu. Nikaita seremala. Wa kwanza alipima sehemu moja tu, akakata mbao, na rafu ikagoma kuingia. Kumbe ukuta wetu una tumbo. Wa pili alikuja na timazi, akapima chini, katikati na juu, akachukua kipimo kidogo kuliko vyote, kisha akakata boksi kufuata mshazari wa ngazi ili alijaribishe kwanza, kabla ya kushika msumeno. Ubao wa milimita 18, akaniambia, usipite sentimita 80 bila mhimili, maana vitabu ni vizito na utapinda; na nyuma acha upenyo wa hewa, unyevu wa ukutani usivifikie. Hekima ya kutumia kila nafasi ya ukuta si ngeni pwani. Mafundi wa kale wa Lamu walijenga zidaka, yaani mashubaka, kwenye kuta nene za mawe ya matumbawe, chumba chembamba kikapata pa kuweka vyombo vya kauri na vitabu bila kupoteza nafasi ya kupita. Kabla hujalalamika kuwa nyumba yako ni ndogo, mwite fundi mwenye timazi aipime upya.