Siri ya Mtoto Si ya Kusomwa Paredini

Mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni ya wavulana, barua mbili zilinaswa katika juma moja. Ya kwanza iliandikiwa msichana wa shule jirani. Mwalimu mkuu aliisoma mbele ya paredi, tukacheka, na mwandishi akafyeka nyasi siku tatu. Ya pili kijana wa darasa letu alimwandikia mvulana mwenzake. Haikuwa na neno la aibu. Alisema tu kwamba kila amwonapo akiingia maktabani, hesabu humpotea. Nayo ilisomwa paredini, tukacheka zaidi. Jioni hiyo kijana alisindikizwa hadi langoni na sanduku lake. Hakurudi.

Nami nilicheka. Naandika leo kwa sababu taifa bado linacheka, ila sasa linacheka kwa vyeo.

Mwishoni mwa 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Kenya, marehemu Profesa George Magoha, alitamka kwamba wanafunzi wa mapenzi ya jinsia moja hawafai kuwa katika shule za bweni. Waende shule za kutwa karibu na kwao. Wengi walishangilia. Wangejiuliza kwanza: mtoto huyo atajulikanaje? Ama masanduku yapekuliwe, ama wenzake wamchongee, ama aungame kwa mwalimu aliyemwamini. Kauli kama hiyo haitekelezeki ila kwa upelelezi na umbeya. Tena mtoto hahamishwi kimyakimya. Barua ya uhamisho humsemea kwa babake kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa. Kusema siri yako ni jambo moja. Kusemewa ni jambo jingine kabisa.

Watumishi wa umma hupenda kujikinga kwa sheria. Basi tuisome. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha mwezi Mei 2019, huadhibu vitendo; havina neno juu ya moyo unaodunda. Kifungu cha 53 cha Katiba husema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hukataza adhabu ya kimwili na mateso ya kiakili dhidi ya mwanafunzi. Kumsomea mtoto barua yake mbele ya shule nzima ni nini, kama si mateso ya kiakili?

Nitaambiwa kwamba haya ni mambo ya kuigwa kutoka ng'ambo. Shuleni kwetu hapakuwa na intaneti, na televisheni moja ya bwalo ilifunguliwa Jumamosi kwa ajili ya kandanda. Kijana yule alimwiga nani?

Nitaambiwa pia kuhusu nidhamu. Siipingi. Mwanafunzi amlazimishaye au amnyanyasaye mdogo wake aadhibiwe, awe amemlenga mvulana au msichana. Kosa lake ni kitendo, na kipimo kiwe kimoja kwa wote. Lakini kupenda kwa mara ya kwanza, kwa haya na kigugumizi, kumewapata karibu wote wasomao makala haya. Mmoja tukampa fyekeo, mwingine tukamnyima elimu. Hata anayeliona jambo hili kuwa uchafu anaijua methali: mwana akinyea kiganja, hakikatwi.

Kwenu wanafunzi wangu wa ualimu: siku moja mtakabidhiwa barua kama ile, pengine na kiranja anayetafuta sifa. Msiisome. Ikunjeni, mrudishieni mwenyewe mkiwa wawili tu, kisha mwambieni kesho kuna hesabu, na dawati lake liko pale pale.