Bastola haijaribiwi baada ya kusaini mkataba

Najua nimepotea kidogo, kazi za chumba cha habari zimenibana kama kawaida. Leo nimerudi na jambo lililonikaa kooni, na nawaonya mapema: nimekuja kubishana.

Juzi nilikuwa nabishana na mwandishi mwenzangu kuhusu manunuzi ya serikali. Yeye ni wa kundi la "punguzeni makaratasi". Kila ukitaja zabuni, anakuletea kisa kile kile: Jenerali wa Kimarekani na bastola. Kisa hiki nimeshakisikia kwenye semina na kwenye mihadhara ya usimamizi, na kila mara watu wanacheka na kupiga makofi.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwezi Machi 2016, Jenerali Mark Milley, aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, alisimama mbele ya watu Washington akalalamika. Jeshi lake lilikuwa linatafuta bastola mpya ya kila askari, badala ya Beretta M9 iliyokuwepo tangu 1985. Waraka wa mahitaji ulikuwa na kurasa 367. Majaribio yangechukua miaka miwili na kugharimu dola milioni 17. Jenerali akasema hatuendi mwezini, hii ni bastola tu. Wampe yeye hizo milioni 17, ataenda dukani Cabela's na kumnunulia kila askari ya kwake, tena kwa punguzo.

Tamu eeh? Ndiyo maana inarudiwa. Lakini mimi nasema Jenerali alikosea, na wanaoirudia hadithi yake hawajawahi kuuliza iliishaje.

Tuanze na swali la kitoto: bastola ya jeshi inafanya kazi gani?

Ukiangalia sinema utadhani kazi yake ni kupiga. Si kweli. Vita hupiganwa kwa bunduki, mizinga na mabomu. Bastola kazi yake kubwa ni kuvaliwa. Inakaa kiunoni mwa mlinzi wa lango, polisi wa jeshi, dereva, rubani. Inaingia naye kwenye gari, inatoka naye, inaanguka naye akiteleza, inakabidhiwa mwenzake zamu ikiisha, inawekwa mezani, inachukuliwa tena. Askari anaweza kuivaa miaka mingi bila kumpiga mtu hata risasi moja. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya bastola ya jeshi ni hii: isipige pale ambapo hakuna aliyetaka ipige. Kuwahi, kulenga, kujaza risasi nyingi, hayo yote yanafuata.

Na sifa hiyo huioni dukani. Ukienda Kariakoo kununua simu, unaiwasha, unapiga picha mbili tatu, ukifika nyumbani ikizima unarudi kugombana na muuzaji. Bastola ikikukosea mara moja, huenda hakuna wa kurudi kugombana.

Wazee wao walilijua hili. Baada ya askari wa Marekani kulalamika huko Ufilipino kwamba bastola zao za .38 hazimzuii mtu anayewajia, mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, walitumwa kufanya majaribio. Walipiga risasi maiti za watu na ng'ombe wazima wa machinjio ya Chicago. Inatisha, na leo mtu angeshtakiwa kwa kufanya vile. Ila walitaka kujua kabla ya kununua. Kisha bastola zikapelekwa kwa askari wa farasi wazitumie, kasoro zikarudi kwa wahandisi, zikarekebishwa, zikapelekwa tena. Machi 1911 waliobaki walikuwa wawili, Colt iliyobuniwa na John Browning, na Savage. Kila moja ikapigishwa risasi 6,000. Savage ilikwama mara 37. Colt haikukwama hata mara moja. Tarehe 29 mwezi huo ikapitishwa, na ilikaa kazini kama bastola rasmi hadi 1985. Miaka 74!

Sasa niambie, hayo majaribio yalikuwa "urasimu"?

Turudi kwa Jenerali. Januari 2017 jeshi likatangaza mshindi: SIG Sauer, kwa bastola yake ya P320, ambayo jeshini inaitwa M17 na ile fupi M18. Mkataba ungeweza kufika dola milioni 580 kwa miaka 10. Glock, iliyoshindwa, ikakata rufaa GAO, ile ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani. Hapo ndipo mambo ya ndani yakatoka nje.

Kumbe zabuni iliruhusu jeshi kuchukua zaidi ya mshindi mmoja, kisha kuwapambanisha kwa majaribio zaidi kabla ya kubaki na mmoja. Jeshi likaamua hakuna haja, likachagua mmoja pale pale. Glock wakalalamika kwamba majaribio ya bastola fupi hayakukamilishwa. Juni 2017 GAO ikawakatalia: masharti yaliruhusu jeshi kufanya vile. Na tofauti ya bei? Kwa hesabu za jeshi, SIG ilikuwa takribani dola milioni 169, Glock takribani milioni 272. Zaidi ya milioni 100 zimeokolewa, nani atauliza tena?

Kisheria walikuwa sahihi, na hapo sibishi. Ninachosema ni kwamba kurasa 367 zilifungua mlango wa kupima zaidi, na wakubwa wakaufunga wenyewe. Sasa makaratasi yana kosa gani? Aliyefupisha njia ni binadamu mwenye haraka.

Halafu kikaja kilichokuja. Ripoti ya ofisi ya majaribio ya silaha ya Pentagon, iliyotoka Januari 2018, ilieleza kwamba katika majaribio yaliyofuata, bastola hiyo ilipoangushwa ilifyatuka. Mkataba ulikuwa umeshasainiwa! Kampuni ikabadilisha sehemu za ndani za mfumo wa triga, ikaweka nyepesi zaidi, ili kuliondoa tatizo. Ripoti hiyo hiyo ikataja risasi nzima kurushwa nje pamoja na ganda lililotumika, na kukwama mara nyingi zaidi kwa aina moja ya risasi. Agosti 2017 watu wakaonyesha kwamba P320 za kiraia nazo zinaweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani, kwa sababu triga ilikuwa nzito kiasi cha kujivuta yenyewe kwa kishindo. Kampuni ikatangaza kuzirekebisha bure kwa hiari.

Wengine watasema: si wamerekebisha? Wamerekebisha, ndiyo, na ni haki niseme hivyo. Pia ni haki niseme kwamba kampuni imeshikilia muda wote kuwa bastola yake ni salama na haifyatuki bila triga kuvutwa. Lakini kesi za raia na polisi waliodai ziliwapiga zikiwa kiunoni ziliendelea, na mwaka 2024 mabaraza ya mahakama huko Georgia na Pennsylvania yaliwapa ushindi walalamikaji, ya pili kwa dola milioni 11.

Nasikia jamaa yangu ananijibu: "Mbona Waingereza walinunua tu kama dukani?" Kweli, Januari 2013 Uingereza ilichukua Glock 17 zaidi ya 25,000 kwa pauni milioni 9. Ufaransa nayo mwaka 2020 ikachagua Glock, bastola 74,596. Sawa. Ila ndugu yangu, hiyo Glock jeshi la Austria liliichukua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati Mwingereza anaisaini, polisi na majeshi ya nchi nyingi walikuwa wameshaivaa kwa miaka 30. Kasoro zake zilishajulikana kwa gharama ya wengine. P320 ilitoka 2014. Ilichaguliwa ikiwa na miaka mitatu tu sokoni. Ukinunua kitu ambacho dunia imeshakupimia, fupisha makaratasi upendavyo. Ukinunua kipya, mpimaji ni wewe, au ni askari wako.

Na sasa nakuja kwenye kilichonifanya niandike.

Tarehe 20 Julai 2025, kwenye kambi ya F.E. Warren huko Wyoming, askari kijana wa jeshi la anga alikufa kwa risasi ya M18. Kesho yake, kamandi yake, inayosimamia makombora ya nyuklia na ndege za mabomu, ilisimamisha matumizi ya bastola hiyo kwa askari wake wote. Fikiria: walinzi wa silaha za nyuklia wanavua bastola zao wanashika bunduki, kwa sababu wakubwa hawana uhakika kama zitafyatuka zenyewe!

Mwezi uliofuata askari mwingine akakamatwa, akituhumiwa kuua bila kukusudia na kutoa taarifa za uongo kuhusu tukio hilo. Bastola zikakaguliwa, zikarudi kazini kabla ya Agosti kuisha.

Watetezi wakasherehekea: mnaona, bastola haikuwa na kosa! Mimi naona jambo jingine kabisa. Mtu anakufa kambini, na mshukiwa wa kwanza ni chombo walichonunua wenyewe. Kwa nini? Kwa sababu tangu 2017 kila mtu anajua kwamba kiliuzwa kwanza, kikapimwa sawasawa baadaye. Imani ikishatoka, hata ukweli ukija hauaminiki. Bei ya imani hiyo haikuwemo kwenye zile milioni 100 zilizookolewa. Askari anayelala lindoni na kitu kiunoni asichokiamini ndiye anayeilipa, kila usiku, na hakuna mhasibu anayeiandika.

Halafu cheka kidogo: mwaka 1985 SIG hiyo hiyo ilifika fainali na Beretta, zote zikafaulu, Beretta ikashinda kwa bei ya jumla. Baadaye Beretta kadhaa zikapasuka na kuwajeruhi makomando wa majini usoni, jeshi likalazimika kupima upya mwaka 1988. Beretta ikashinda tena, safari hii ikiwa imerekebishwa. Somo walikuwa nalo mkononi tangu wakati huo.

Utaniuliza, wewe mtoto wa Dar bastola za Wamarekani zinakuhusu nini?

Zinanihusu kwa sababu haya yote nimeyasoma nimekaa kibarazani. Bei za washindani, malalamiko ya aliyeshindwa, majibu ya mkaguzi, ripoti ya kasoro, vyote viko hadharani. Wale walikosea, lakini walikosea mchana kweupe. Sisi tulinunua rada ya BAE kwa pauni milioni 28, na ukweli wake tukaja kuupata London, mahakamani, Desemba 2010, kisha 2012 tukarudishiwa pauni milioni 29.5 za vitabu na madawati. Kwa hiyo mtu akinijia na hadithi ya Jenerali kunishawishi kwamba kurasa za zabuni ni adui wa maendeleo, namuuliza: kurasa zipi hizo ambazo umeshawahi kuonyeshwa?

Kata kurasa za kujikinga, zile za mihuri na sahihi za mabosi kumi. Kurasa za kipimo ziache. Askari hakuwepo chumbani wakati wa kusaini, na kipimo ndiyo sauti yake pekee mle ndani.

Hayo ni yangu. Jamaa yangu ninayebishana naye najua unasoma, njoo ujibu, uwanja ni wako.

Tuko pamoja.