NESI NA ALAMA ZAKE, SEHEMU YA 5: MASIKIO YA KUAZIMA



Wiki iliyopita niliipa "A Boy From Tandale" ya Diamond alama 5 kati ya 10. Jamani, nimesemwa! Eti nesi ubaki na sindano zako. Eti nyimbo zimetazamwa na mamilioni, wewe nani? Haya, leo najibu.

Siku ya kliniki namweka mtoto kwenye mizani. Kilo 7 ni kilo 7, apime nesi wa Kintinku au daktari wa Muhimbili. Muziki hauna mizani ya hivyo. Hesabu ya watazamaji inakuambia wangapi wamebonyeza. Haikuambii wewe umeguswa wapi.

Albamu ile ya 2018 ina Rick Ross, Ne-Yo na Omarion. Imepikwa vizuri, sikatai. Ila mimi nasikiliza albamu nzima, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, nikiosha vyombo. Ile kwangu ni sinia la sherehe: unaonja kila kitu, unarudi nyumbani na njaa. "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay, ya 2001, niliipa 9, maana yule mgombea wa "Ndio Mzee" anayeahidi kila kitu bado nakutana naye mtaani. Nacheka, halafu kinaniuma. Hiyo ni ladha yangu na sababu nimeitoa. Wewe ukiwa na sababu yako ipe Diamond 10, hatugombani.

Ninachogombana nacho ni masikio ya kuazima.

Juzi kwenye foleni kuna binti, mtoto wa kwanza, miezi minne, analia kweli kweli. Nikamwambia mwimbie. Akainamisha kichwa: "Dada nesi, ninazojua ni za bibi, za Kigogo. Baba yake anasema ni ushamba." Akatoa simu, akaisogeza kwenye sikio la mtoto, sauti mpaka mwisho.

Ushamba? Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma, mtu wa zeze na ilimba. Mwaka 1996 albamu yake "Chibite" ilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel kule Uingereza. Na ngoma za muheme, wapigaji ni kina nani? Si wanawake wa Kigogo hao hao?

Ila ngoja. Nikisema ni nzuri kwa sababu Wazungu wameipenda, na mimi nimeazima masikio. "Chibite" naipa 9 kwa sababu sauti yake inapanda na kushuka kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mbuga, na mimi nimekulia kwenye kuitana huko. Alama moja nimekata, maana kuna mahali naichoka. Ndiyo, hata Zawose namkata!

Sasa baba wa nyumbani, na wewe usome. Kutopenda nyimbo za mkeo ni haki yako. Kumnyamazisha si ladha tena, ni ubabe. Mtoto anaanza kuijua sauti ya mama yake tangu tumboni. Ukimfunga mama mdomo, unamnyima mtoto sauti aliyozaliwa akiijua.

Na kitu kimoja hakina mambo ya ladha: ukubwa wa sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri kwa kusikiliza kwenye vifaa, mkubwa asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, mtoto 75. Desibeli huna pa kuzipimia? Ukilazimika kupaza sauti ili aliye karibu akusikie, punguza. Na simu isikae sikioni kwa mtoto mchanga, hata ikiimba kwaya.

Yule binti nilimwambia azime simu. Aliimba kwa aibu, taratibu. Mtoto hakunyamaza hapo hapo, ila aligeuza uso akamtafuta mama yake. Mimi alama yangu nimeshatoa.

Kazi ya wiki: chagua albamu moja, isikilize yote, andika alama yako na sababu moja iliyotoka kwako. "Kila mtu anaipenda" siipokei.

Sehemu ya 6 ni taarabu. Mama wa mafumbo, jiandaeni.