Mzigo wa Mkononi na Haki ya Kipimo

Kabla ya mizani kuenea madukani, nafaka katika pwani ya Afrika ya Mashariki iliuzwa kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na hesabu hiyo haikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya kibaba chenyewe: kilikuwa cha nani, kitako chake kilikuwa kinene kiasi gani, na je, nafaka ilisawazishwa ukingoni au ilirundikwa? Sheria za vipimo zilizopo leo, kama vile Sura ya 340 ya sheria za Tanzania na Sura ya 513 ya sheria za Kenya, zina shabaha ya kuumaliza ubishi wa namna hiyo. Mizani ya dukani na pampu ya petroli hukaguliwa na mtu ambaye si muuzaji wala mnunuzi, kisha hupigwa mhuri.

Yafaa basi walimu na wanafunzi wa sayansi wakitazame chombo kimoja cha kupimia kilichoenea katika viwanja vya ndege duniani, ambacho kwa kawaida hukaa mikononi mwa yule yule anayetoza fedha. Chombo hicho ni fremu ya chuma isimamayo karibu na lango la kupandia ndege. Abiria hutakiwa kutumbukiza mzigo wake wa mkononi ndani yake. Ukiingia, hupita, ukikwama, hulipa, na malipo hayo mara nyingine hukaribia bei ya tiketi yenyewe.

Desturi hii haina umri mkubwa. Mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopanda mno, American Airlines ilikuwa ya kwanza miongoni mwa kampuni kubwa za Marekani kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linalowekwa katika chumba cha mizigo. Nyingine zikafuata. Abiria, kama ilivyotarajiwa, walianza kuingia na mabegi yao ndani ya ndege ili kukwepa malipo, na makabati yaliyo juu ya viti yakafurika. Mwaka 2010 kampuni ya Spirit ikaanza kutoza hata begi linalowekwa katika makabati hayo. Kufikia mwaka 2023 kampuni za ndege za Marekani zilikusanya zaidi ya dola bilioni 7 kwa mwaka mmoja kutokana na malipo ya mizigo. Fedha za kiasi hicho hazikusanywi kwa adabu za safari. Hiyo ni biashara kamili, na biashara kamili hapana budi iwe na vipimo vya haki.

Watetezi wa masharti haya hutanguliza usalama. Hoja yao haifai kudharauliwa, kwani fizikia iko upande wao kwa sehemu. Ndege huruka salama endapo uzito wake wote haukuzidi kikomo na kitovu cha uzito kimo ndani ya mipaka iliyowekwa. Kwa kuwa si rahisi kumpima kila abiria, wakuu wa usafiri wa anga huruhusu matumizi ya wastani. Katika Ulaya, kwa ndege za viti 30 au zaidi, mtu mzima mmoja pamoja na mzigo wake wa mkononi amekuwa akihesabiwa kuwa kilo 84. Tuseme ndege ya Boeing 737-800 imejaa abiria 189, na kila mmoja amezidisha kilo 3 katika begi lake. Ziada hiyo ni kilo 567. Ndege hiyo huweza kuondoka ardhini ikiwa na uzito wa tani 79 hivi, kwa hiyo ziada ni chini ya sehemu moja katika mia.

Katika ndege ndogo mambo hugeuka. Tarehe 8 Januari 2003 ndege ya aina ya Beechcraft 1900D, yenye viti 19 vya abiria, ilianguka mara tu baada ya kuondoka Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulionyesha kasoro mbili zilizokutana. Waya unaoendesha usukani wa mkia ulikuwa umefungwa vibaya, hata rubani hakuweza kuishusha pua ya ndege kadiri ilivyohitajika. Na kitovu cha uzito kilikuwa kimerudi nyuma kupita mpaka. Hesabu iliyofanywa kabla ya safari kwa kutumia wastani ilionyesha kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Wastani ndio uliokuwa umepitwa na wakati: abiria na mizigo yao walikuwa wazito kuliko karatasi zilivyodai, na baada ya hapo wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani waliurekebisha.

Msomaji aliyepata kusafiri kwa ndege ndogo ziendazo mbugani katika Tanzania na Kenya atakuwa ameona jinsi jambo hili linavyochukuliwa kwa uzito. Huko kikomo cha kawaida ni kilo 15 kwa mizigo yote ya abiria mmoja, tena katika mfuko laini, kwa sababu nafasi ya kuwekea mizigo ni ndogo na haina umbo la sanduku. Chombo kinachotawala ni mizani. Urefu wa begi huulizwa tu kwa ajili ya nafasi. Kinachompa rubani wasiwasi ni kilo na mahali zilipowekwa.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Fremu ya langoni haipimi kilo. Begi dogo lililojaa vitabu huteleza ndani yake bila taabu, na begi kubwa kidogo lenye mito ya manyoya hukwama. Zaidi ya hayo, katika kampuni nyingi begi lililokwama huruhusiwa kusafiri katika ndege ile ile mara malipo yanapofanywa, na kwa walionunua haki hiyo mapema, begi la urefu wa sentimita 55 huingia nalo mpaka ndani. Hatari ambayo huondoka kwa stakabadhi haikuwa hatari ya kifizikia.

Vivyo hivyo kuhusu moto. Tarehe 2 Januari 2024 ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ikateketea. Watu wote 379 waliokuwa ndani yake waliokoka, na waliacha mizigo yao nyuma. Tukio hilo linafundisha mengi juu ya nidhamu ya kuondoka ndani ya ndege inayoungua. Lakini begi lililolipiwa huziba njia sawasawa na lile lisilolipiwa.

Hoja iliyo ya kweli zaidi ni ya nafasi. Makabati ya ndege hayawezi kupokea begi kubwa la kila abiria, na mtu mmoja akizidisha, mwingine hukosa. Hapa kuna somo zuri la jiometri. Mwaka 2014 kampuni ya Boeing ilitangaza makabati mapya ya ndege zake za 737 ambayo kila moja huchukua mabegi sita ya kawaida badala ya manne. Ndege haikurefushwa wala kupanuliwa. Kabati liliongezwa kina ili begi lisimame kwa ubavu badala ya kulala chali, na nafasi ikaongezeka kwa nusu nzima. Mwanafunzi aliyewahi kupanga vitabu katika sanduku la bati anaijua hila hiyo.

Sasa yatazamwe masharti yenyewe. American Airlines huruhusu sentimita 56 kwa 36 kwa 23, yaani ujazo wa lita 46 hivi. easyJet huruhusu bila malipo 45 kwa 36 kwa 20, ambazo ni lita 32. Ryanair iliruhusu 40 kwa 25 kwa 20, yaani lita 20, mpaka mwaka 2025 ilipoongeza upande mmoja kufikia sentimita 30 na kupata lita 24. Mwezi wa Juni 2015 shirikisho la kimataifa la kampuni za ndege, IATA, lilipendekeza kipimo kimoja cha 55 kwa 35 kwa 20. Malalamiko yalikuwa makali, hasa Amerika ya Kaskazini ambako abiria walikuwa wamezoea mabegi makubwa zaidi, na baada ya wiki moja hivi pendekezo likawekwa kando. Abiria anayebadili kampuni katikati ya safari moja anaweza hivyo kuwa mwadilifu asubuhi na mkosaji alasiri, begi likiwa lile lile.

Isitoshe, vikomo vitatu vya urefu, upana na kina si kipimo cha nafasi. Begi la sentimita 50 kwa 30 kwa 21 lina lita 31 na nusu. Begi la 55 kwa 40 kwa 20 lina lita 44. Fremu iliyotengenezwa kwa kipimo cha pili hulikataa begi la kwanza, ambalo ni dogo, na kulikubali la pili. Bila shaka kabati lina umbo lake, na kina kikizidi mlango hautafungwa. Lakini sentimita moja haistahili adhabu ile ile anayopewa mtu aliyeleta kasha.

Lipo pia jambo ambalo kila fundi wa karakana analijua. Kitu chenye upana wa sentimita 40 kamili hakiingii katika tundu la sentimita 40 kamili, isipokuwa kwa kusukumwa. Lazima pawe na mwanya. Fundi anayetengeneza ekseli na beringi huandika waziwazi mwanya huo ni kiasi gani na kosa gani linavumiliwa. Fremu ya langoni inayotengenezwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye tiketi, bila mwanya wowote, humhukumu mtu aliyetii sharti. Kadhalika watengenezaji wa mabegi mara nyingi hupima mwili wa begi na kuyaacha magurudumu na mkono wa kuvutia, ilhali fremu huvihesabu vyote. Mnunuzi husoma 55 dukani na kukuta 58 langoni.

Wakulima wa Tanzania wanaufahamu ugonjwa wa namna hii kwa jina la lumbesa. Bei ikifungwa kwenye gunia badala ya kilo, mnunuzi hulijaza gunia mpaka likaota nundu, akalishonea kilemba, na bado likaitwa gunia moja. Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita lumbesa kwa kuagiza kwamba mazao yauzwe kwa mizani. Kwenye uwanja wa ndege nundu iko upande wa pili, lakini kanuni ni ile ile: mwenye chombo ndiye mwenye faida.

Faida hiyo, tena, haiishii kwa kampuni. Mwezi wa Novemba 2024 kamati ndogo ya uchunguzi ya Baraza la Seneti la Marekani ilieleza kwamba kampuni mbili, Frontier na Spirit, zililipa dola milioni 26 katika miaka ya 2022 na 2023 kama zawadi kwa wafanyakazi na mawakala wao waliowanasa abiria wenye mizigo iliyozidi. Katika Ulaya, mkuu wa Ryanair, Michael O'Leary, alieleza hadharani mwaka 2025 kwamba zawadi ya mfanyakazi kwa kila begi lililonaswa itapanda kutoka yuro 1.50 hadi 2.50. Anayeulizwa kama begi limeingia au halikuingia ni mtu anayelipwa likikwama. Refa anayelipwa kwa kila penalti hawezi kuaminiwa hata akiwa mwaminifu.

Mahakama na serikali zimeanza kuligusa jambo hili, ingawa kwa upande wa bei zaidi kuliko wa kipimo. Tarehe 18 Septemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya safari ya abiria, na usitozwe ziada maadamu uzito na vipimo vyake ni vya kiasi. Haikusema kiasi hicho ni sentimita ngapi. Mwezi wa Novemba 2024 serikali ya Hispania iliziadhibu kampuni tano kwa faini ya jumla ya yuro milioni 179. Kampuni hizo ziliupinga uamuzi huo.

Kutoza si kosa. Abiria asiyekuwa na begi ana haki ya kununua tiketi rahisi, na aliyebeba nyumba nzima hana haki ya kubebewa na mwenzake. Kosa ni kutoza kwa chombo kisichokaguliwa. Ingefaa wakala za vipimo za Afrika ya Mashariki ziiingize fremu hiyo katika orodha ya vyombo vya biashara kabla desturi ya Ulaya haijaota mizizi huku. Iwe na mwanya ulioandikwa juu yake kwa milimita. Iwe na mhuri na tarehe ya ukaguzi. Iwekwe mwanzoni, mahali pa kukabidhi mizigo, ambapo abiria bado anaweza kupunguza nguo au kumpa ndugu aliyemsindikiza, si langoni ambapo hana la kufanya ila kutoa fedha. Na zawadi kwa mpimaji ipigwe marufuku kabisa. Hili la mwisho halihitaji hata mwanasayansi.

Walimu wa hisabati na fizikia wanaweza kulifanyia jambo hili majaribio kwa gharama ndogo. Wanafunzi wapigilie mbao kuwa fremu ya sentimita 40 kwa 30 kwa 20, ukubwa wa ndani, kisha wachukue mfuko laini wa shule, waujaze madaftari, na watano miongoni mwao waupime mmoja mmoja kwa rula bila kuonyeshana majibu. Majibu hayatafanana, kitambaa hubonyea, na kila mkono hubonyeza kwa nguvu zake. Majibu yote matano yaandikwe ubaoni, wastani wake ukokotolewe, na ndipo mfuko utumbukizwe ndani ya fremu. Kisha darasa liulizwe ni jibu lipi kati ya hayo matano lingetosha kumtoza mtu yuro 75.